Macro na Cato: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu riwaya za askari wa Kirumi

Maswali haya yametoka kwa watu. Wengi ni wale niliowaazima kitabu cha kwanza wakarudi kuulizia cha pili. Wachache ni wale ambao hata hicho cha kwanza hawajakirudisha hadi leo. Nimeanza na ya mgeni kabisa, nikamalizia na ya yule aliyekwisha soma vingi na sasa anatafuta wa kubishana naye. Sijatoboa mwisho wa kitabu chochote, isipokuwa pale ambapo historia yenyewe ilikwisha kutoboa zamani.

## Kwa anayeanza

Hizi riwaya zinahusu nini hasa?

Ni mfululizo wa Simon Scarrow uitwao *Eagles of the Empire*. Ulianza mwaka 2000 kwa kitabu *Under the Eagle*, na sasa vitabu vimepita 20. Unawafuata askari wawili wa jeshi la Roma. Lucius Cornelius Macro ni akida, yaani mkuu wa kikosi, aliyepanda cheo kwa jasho lake: mkali, mcheshi, mpenda mvinyo, mtu wa vitendo. Quintus Licinius Cato ni kijana mwembamba aliyekulia ikulu ya Roma akiwa mtumwa, akaachwa huru kwa sharti moja, kwamba aende jeshini.

Hadithi inaanzia mwaka 42 BK kwenye kambi ya Legioni ya Pili (legioni ni jeshi la Kirumi la watu maelfu) kando ya Mto Rhine. Cato anawasili na makuruta wenzake, ila yeye ameletwa na agizo la Kaizari mwenyewe kwamba apewe cheo. Basi anafanywa optio, yaani msaidizi wa akida, kabla hata hajajua upanga unashikwa vipi. Unaweza kukisia wenzake walimpokeaje.

Lakini Macro naye ana lake. Amepandishwa cheo juzi juzi, na hajui kusoma. Akida anapokea amri kwa maandishi, anatunza orodha ya watu wake, anaweka hesabu. Akigundulika, cheo kimekwenda. Kwa hiyo kuruta asiyejua upanga anamfundisha afande wake herufi, kwa siri, na afande anamfundisha kuruta asife. Ukiniuliza mimi, vitabu vyote vilivyofuata vimejengwa juu ya mapatano hayo. Vita ni vingi na vimeandikwa vizuri, lakini ningekuwa nasoma kwa ajili ya vita tu ningeishia cha tano.

Nianze na kitabu kipi?

*Under the Eagle*. Kisha fuata mpangilio wa kuchapishwa, kwa kuwa ndio mpangilio wa matukio pia: vitabu vya mwanzo viko miaka ya 42 na 43 BK, vya karibuni viko kwenye uasi wa malkia Boudica wa Britania (Uingereza ya leo) na baada yake, miaka ya 60 na 61 BK. Vyeo vinapanda, watu wanakufa, urafiki unabadilika. Ukirukaruka utakuwa kama mtu aliyeingia msibani asijue nani amefariki.

Kama cha kwanza hukipati, mlango wa pili ninaoupendekeza ni *Praetorian* (2011). Kiko Roma kwenyewe, mwaka 51 BK, na kina upelelezi zaidi kuliko medani. Utaelewa bila kujua yaliyotangulia, halafu urudi nyuma.

Vinasomeka kwa Kiswahili?

Jiandae kwa Kiingereza. Si Kiingereza kigumu. Sentensi ni fupi na aliyemaliza kidato cha nne hatapotea. Kinachosumbua ni majina ya vyeo na silaha, na hayo hata Mwingereza yanamsumbua.

Roma yenyewe si ngeni katika Kiswahili, lakini. Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu kuuawa kwa Kaizari, toleo la kwanza likatoka 1963 na la marekebisho, *Juliasi Kaizari*, mwaka 1969. Anayetaka kuonja Warumi wakizungumza Kiswahili chenye uzito aanzie hapo.

Kwa nini unasema "akida"? Akida si mtoza kodi?

Hili nimeulizwa zaidi na wazee. Katika Tanganyika ya Mjerumani, akida alikuwa mtu wa serikali aliyewekwa juu ya majumbe, na kodi ilipita mikononi mwake. Jina lake halikupendwa.

Ila waliotafsiri Biblia waliotuletea "akida wa Kapernaumu" katika Mathayo 8 na Kornelio akida katika Matendo 10 walikuwa wanamtaja ofisa huyu huyu wa Kirumi: mkuu wa kikosi cha watu wapatao 80. Biblia hiyo hiyo inamwita Pilato "liwali", neno la pwani, na katika Marko 5 pepo anajibu kwamba jina lake ni Legioni. Maneno tunayo siku nyingi. Mimi nayatumia kuliko kuunda "senturioni" na kumwacha msomaji akikwaruza kichwa.

Mtoto wangu wa miaka 11 anaweza kusoma?

Hapana. Damu ni nyingi na matusi ni ya kambini. Scarrow ana mfululizo mwingine kwa ajili ya vijana, *Gladiator*, ulioanza 2011, mpe huo.

## Maisha ya kambini: kweli ilikuwa hivyo?

Legioni moja ilikuwa na watu wangapi, na nani anamwamuru nani?

Kiini chake ni watu wanane wanaolala hema moja la ngozi, wenye nyumbu mmoja na jiwe moja la kusagia ngano. Wanane hao mara kumi ni watu 80, kikosi cha akida mmoja. Vikosi sita hivyo vinafanya kohoti, na kohoti kumi ni legioni: takriban watu 5,000 ukijumlisha na wengineo.

Chini ya akida yupo optio, mbeba bendera, na mgawa lindo anayezungusha neno la siri usiku. Juu yake wapo matribuni sita, vijana wa familia kubwa ambao mara nyingi wamekuja kutafuta jina, halafu mkuu wa kambi, ambaye ni akida mzee aliyeona yote, na juu kabisa legati. Katika vitabu vya mwanzo legati wa Legioni ya Pili ni Vespasian. Mkumbuke huyo.

Makuruta katika vitabu hupigishwa kwata kwa panga za mti, nzito kuliko za kweli. Hilo limo katika maandishi ya kale, halikubuniwa. Mjomba wangu aliyepita JKT miaka ya sabini alisoma sura za mwanzo kwa miwani iliyofungwa uzi, akafunga kitabu akasema, "Huyu Macro ni afande wangu wa Ruvu. Wamembadilisha jina tu."

Walilipwa kiasi gani?

Katika enzi za makaizari Claudius na Nero, askari wa legioni alipata dinari 225 kwa mwaka, kwa mafungu matatu. Ukisoma hapo utaona ni pesa nzuri. Sasa subiri makato.

Kuna hati ya mafunjo kutoka Misri, ya mwaka 81 BK, inayoonyesha akaunti za askari, mstari kwa mstari. Mmoja wao anaingiziwa fungu la drakma 248, drakma ikiwa fedha ya Misri. Zinakatwa 10 za majani ya mifugo, 80 za chakula, 12 za viatu na kanda zake, 20 za sikukuu ya Saturnalia, 60 za nguo. Jumla 182. Mkononi zinabaki 66, nazo hapewi, zinawekwa kambini pamoja na akiba yake ya nyuma. Hata mchango wa sikukuu ni wa lazima! Mtumishi yeyote aliyewahi kukodolea macho hati yake ya mshahara tarehe 25 atamwelewa.

Ndiyo maana nyara ni jambo kubwa katika riwaya hizi. Akida ni habari nyingine. Mshahara wake ulikuwa mara nyingi zaidi ya huo. Na kwa aliyevumilia hadi mwisho, kulikuwa na kiinua mgongo cha dinari 3,000 au shamba. Muda wa utumishi ulikuwa miaka 20, na kwa kawaida mitano mingine ya akiba juu yake.

Walikula nini? Mbona kila mara wanakunywa siki?

Ngano kwanza. Kila hema lilisaga yake na kuoka yake. Juu ya hapo nyama ya nguruwe iliyokaushwa, jibini, maharage, na chochote cha eneo walilopo.

Kinywaji ni *posca*, mvinyo uliochacha ukachanganywa na maji. Kwa hiyo ile siki aliyopewa Yesu msalabani kwa sifongo, kwa askari waliokuwa zamu ilikuwa kinywaji chao cha kila siku, kwenye chombo chao wenyewe. Nilisoma Yohana 19 miaka mingi kabla ya kulijua hilo, na tangu nilijue naisoma vingine.

Kaskazini ya Britania walikunywa bia pia. Kwenye ngome ya Vindolanda, kuanzia mwaka 1973, zimefukuliwa barua zilizoandikwa kwa wino kwenye vibao vyembamba vya mti. Katika mojawapo ofisa aitwaye Masculus anamwomba mkubwa wake maagizo ya kesho, kisha chini anaongeza: askari wenzangu hawana bia, naomba uamuru iletwe.

Ile fimbo ya akida ni ya kweli?

Ni ya kweli, tena ni ya mzabibu, na ndiyo alama ya cheo. Nenda Colchester, kwenye makumbusho ya ngomeni, ukaangalie jiwe la kaburi la Marcus Favonius Facilis, akida wa Legioni ya Ishirini. Amechongwa mzima mzima: upanga ubavuni, joho begani, fimbo mkononi. Ni mtu wa kizazi kile kile cha Macro.

Na walizitumia. Mwanahistoria wa Kirumi Tacitus anamtaja akida Lucilius, ambaye askari walimbandika jina *Cedo Alteram*, yaani "Lete Nyingine", kwa kuwa kila alipovunja fimbo mgongoni mwa mtu aliita aletewe nyingine, kisha nyingine tena. Majeshi ya Pannonia yalipoasi mwaka 14 BK, waasi walimuua.

Viatu vyenye misumari havikuwa hatari?

Vilikuwa hatari kwenye mawe laini. Josephus, mwanahistoria wa Kiyahudi wa wakati huo, anasimulia kuzingirwa kwa Yerusalemu mwaka 70 BK, ambapo akida mmoja, Julianus, aliwatimua maadui peke yake hadi kwenye sakafu ya mawe ya hekalu. Misumari ikateleza. Akaanguka chali kwa kishindo, silaha zikalia, na waliokuwa wanamkimbia wakageuka. Ukikutana na Macro anaapiza kwa sababu ya sakafu iliyolowa, mwandishi hajabuni hofu hiyo.

Waliruhusiwa kuoa?

Kisheria, hapana. Askari wa kawaida hakuruhusiwa ndoa halali hadi enzi za Septimius Severus, mwishoni mwa karne ya pili. Kivitendo, nje ya kila kambi kulikuwa na kijiji, na kijijini kulikuwa na wanawake na watoto ambao kila mtu alijua ni wa nani. Maofisa wakubwa waliishi na wake zao: kibao kimoja cha Vindolanda, cha kama mwaka 100 BK, ni mwaliko wa sherehe ya kuzaliwa, Claudia Severa akimwalika Sulpicia Lepidina, wote wake wa wakuu wa vikosi. Mistari ya mwisho ameiandika kwa mkono wake mwenyewe, na ni miongoni mwa maandishi ya zamani kabisa ya mkono wa mwanamke kwa Kilatini.

Rudi kwenye jiwe la Facilis (tazama swali la fimbo). Waliolisimamisha wametajwa: Verecundus na Novicius, watumwa aliowaacha huru. Hakuna mke, hakuna mtoto.

Kuua mmoja kati ya kila kumi: ni kweli au ni chumvi?

Ni kweli, ila kufikia enzi hizi ilikuwa adimu. Adhabu hii inatokea katika *The Eagle's Prey* (2004), na wengi hudhani mwandishi ametia chumvi. Mwaka 20 BK, katika jimbo la Afrika, yaani pande za Tunisia ya leo, kohoti moja ilimkimbia Tacfarinas, kiongozi wa uasi. Liwali Apronius akapigisha kura, na kila wa kumi akapigwa hadi kufa. Tacitus anaiandika kama desturi ya kale iliyofufuliwa, si jambo la kila siku.

## Kweli na ubunifu

Macro na Cato waliwahi kuishi?

Hapana. Wamebuniwa. Ila wazo la kuwasimamisha askari wawili bega kwa bega ni la zamani kuliko riwaya. Julius Caesar mwenyewe, katika kitabu chake cha vita vya Gallia (Ufaransa ya leo), anasimamisha masimulizi ili awaeleze maakida wawili waliokuwa na wivu wa cheo, Titus Pullo na Lucius Vorenus. Pullo anaruka nje ya boma kuonyesha ushujaa, anazidiwa, Vorenus anakwenda kumwokoa, naye anazidiwa, Pullo anamwokoa. Caesar anamaliza kwa kusema haikujulikana nani mshindi.

Nani ni watu halisi, basi?

Wakubwa karibu wote. Claudius na Nero, bila shaka. Aulus Plautius aliyeongoza uvamizi wa Britania mwaka 43 BK akiwa na legioni nne. Caratacus, aliyepigana nao miaka minane, kisha malkia Cartimandua akamkabidhi kwa Warumi mwaka 51, akapelekwa Roma kwa minyororo na akasamehewa. Vespasian, yule legati niliyekuambia umkumbuke: Suetonius, mwandishi wa maisha ya makaizari, anasema alipigana mara thelathini huko Britania, na mwaka 69 akawa Kaizari yeye mwenyewe. Kila anapomkaripia Macro katika vitabu vya mwanzo, wewe unajua asichojua mtu yeyote hapo kambini.

Hata ndovu ni wa kweli. Mwanahistoria Cassius Dio anawataja miongoni mwa vifaa vya Claudius alipovuka bahari kwenda kujichukulia ushindi. Alikaa Britania siku 16.

Mtumwa aliyeachwa huru angeweza kuingia legioni?

Hapa ndipo mwandishi amekwenda mbali zaidi na historia, na hapa pia ndipo namsifu zaidi.

Kanuni ilikuwa wazi: legioni ni ya raia waliozaliwa huru. Mtumwa aliyejipenyeza alikuwa hatarini kuuawa. Tunayo barua ya Kaizari Trajan kwa Pliny, liwali wake, kuhusu watumwa wawili waliogundulika miongoni mwa makuruta: chunguza kwanza, anasema, kama walijileta, waliandikishwa kwa nguvu, au walitolewa badala ya wengine. Kama walijileta, wao ndio wa kuuawa. Waliokwisha achwa huru nao hawakutakiwa, ingawa Augustus aliwahi kuwaandikisha alipobanwa, hasa baada ya legioni tatu kuangamia katika msitu wa Teutoburg mwaka 9 BK. Kwa hiyo Cato anahitaji neno la Kaizari mwenyewe ili awepo, na ndilo alilopewa.

Sasa tazama kilichotokea kweli mwaka 43. Majeshi yaligoma kuvuka kwenda Britania, yakisema ni nje ya dunia. Claudius akamtuma Narcissus, katibu wake mwenye nguvu, ambaye alikuwa mtumwa aliyeachwa huru. Akapanda jukwaani kuwahutubia. Askari wakaanza kumzomea: *Io Saturnalia!* Ni kelele za ile sikukuu wanayokatwa pesa zake (tazama swali la mshahara), siku ambayo watumwa huvaa nguo za mabwana. Kwa kumcheka wakasahau mgomo wao, wakamfuata Plautius.

Katika jeshi hilo hilo lililokufa kwa kicheko kumwona mtumwa wa zamani juu ya jukwaa, Scarrow amemweka mtumwa wa zamani mwenye cheo. Anayesema Cato ni kosa la kihistoria ana haki kwa kanuni. Nadhani mwandishi aliijua kanuni, akaitaka ile kelele.

Na kupanda cheo kwa kasi ile?

Kasi hiyo ni ya riwaya. Kutoka askari hadi akida ilikuwa kazi ya miaka 10 au 15 kwa asiye na wa kumshika mkono. Cato anakuwa akida akiwa bado kijana, kisha anampita Macro, na Macro anaanza kumwita "bwana" mbele za watu. Ugumu wa midomo yao hapo unafidia mengi.

Akida asiyejua kusoma, inawezekana?

Askari wa kawaida asiyejua kusoma, naam, wengi. Akida, ni vigumu, kwa kuwa jeshi lile liliendeshwa kwa maandishi. Vindolanda tu imetoa mamia ya vibao: ripoti za idadi ya watu, maombi ya likizo, orodha za vyakula, hata barua ya mtu anayetajiwa kuwa ametumiwa soksi, jozi mbili za kandambili na chupi mbili. Ndiyo maana siri ya Macro ina uzito. Isingekuwa siri kama ingekuwa kawaida.

Uasi wa Boudica umeelezwa kwa haki?

Kwa kiasi kikubwa, katika *Death to the Emperor* (2022) na *Rebellion* (2023). Mfalme Prasutagus wa Iceni, kabila la Britania, alifariki akiwa amemwandika Nero mrithi pamoja na binti zake, ili wabaki salama. Maofisa wa Roma wakachukua vyote. Mjane wake Boudica akachapwa viboko, binti zake wakabakwa. Miji mitatu ikateketezwa: Camulodunum (Colchester), Londinium (London), Verulamium (St Albans). Ukichimba London na Colchester leo unakuta bado tabaka jekundu la udongo ulioungua.

Tahadhari moja ni idadi. Tacitus anasema Wabritania 80,000 walikufa katika vita ya mwisho na Warumi 400 tu. Aliyeandika ni upande ulioshinda, na baba mkwe wake alikuwepo.

Kinachonigusa ni Poenius Postumus, mkuu wa kambi wa Legioni ya Pili, legioni ya akina Macro ya zamani. Aliamriwa alete jeshi, hakulileta. Habari za ushindi zilipomfikia, akajichoma upanga, kwa kuwa amewanyima watu wake sehemu ya sifa.

Mbona wanaongea kama askari wa leo?

Kwa kuwa mwandishi ameamua hivyo. Mbadala wake ni Kiingereza cha kutembea na taji kichwani, na sijui nani angevumilia vitabu 20 vya namna hiyo. Askari wa Kirumi hawakuongea Kilatini cha Cicero.

## Maswali ya waliokwisha soma vingi

Nimenunua *The Zealot* nikakuta nimekwisha isoma. Nini kimetokea?

Ni *The Eagle in the Sand* (2006), kitabu cha 7, kwa jina jingine. Nami niliingia mtego huo huo kwa muuza mitumba, nikagundua ukurasa wa tatu, daladala imekwisha ondoka. Soma nyuma ya jalada kwanza: ukiona Uyahudi na ngome ya Bushir, ndicho hicho.

*Arena* na *Invader* ni sehemu ya mfululizo?

Ni ndugu wa pembeni, alivyoandika pamoja na T. J. Andrews. Katika *Arena* utamwona Macro kabla hajakutana na Cato, akimfundisha mpiganaji wa uwanjani. Si lazima, lakini Macro yumo.

Macro anakufa?

Siwajibu wanaouliza hivi, hata wakinipigia usiku.

Wanafika Afrika?

Misri, katika *The Legion* (2010), wakimsaka mtumwa mwasi na huku jeshi la Nubia likishuka. Mwandishi mwenyewe kazaliwa Nigeria. Na kwa anayetafuta jirani zaidi, Ben Kane, mwandishi mwingine wa riwaya za majeshi ya Roma aliyewahi kuwa daktari wa mifugo, kazaliwa Kenya.

Warumi walifika pwani yetu?

Wafanyabiashara wa dola yao, ndiyo, majeshi, hapana. Katika karne hiyo hiyo ya kwanza, mfanyabiashara wa Misri aliyeandika kwa Kigiriki aliacha mwongozo wa safari za Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi, uitwao *Periplus*. Soko la mwisho kusini analiita Rhapta, katika nchi ya Azania, yaani pwani ya Afrika Mashariki. Jina, anasema, linatokana na mashua zao zilizoshonwa kwa kamba; msomaji wa pwani atazikumbuka mtepe. Kutoka huko walipata pembe za ndovu kwa wingi, pembe za kifaru na magamba ya kasa. Mahali penyewe wataalamu bado wanagombania.

Basi askari wa Kirumi waliofika karibu nasi zaidi ni nani?

Maakida wawili, nao ni halisi. Nero aliwatuma kutafuta chanzo cha Mto Nile, na mwanafalsafa Seneca anasema aliwasikia kwa masikio yake wakisimulia. Mfalme wa Ethiopia, jina walilowapa Warumi watu wa kusini ya Misri, aliwasaidia na kuwapa barua za kwa wafalme wa mbele. Wakapanda, wakapanda, hadi wakafika kwenye vinamasi visivyo na mwisho. Wenyeji wenyewe hawakujua vinakwisha wapi, wala hakuna aliyetumaini kujua. Ukisoma maelezo yao unaiona Sudd ya Sudan Kusini. Majani yamesukana na maji, walisema, hupiti kwa miguu wala kwa chombo, labda kimtumbwi cha kubeba mtu mmoja.